Sahihi ya Mlezi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lango la kiwanda cha mabeseni lilikuwa bado limefungwa, na vibarua kama mia mbili walikuwa wakiliendea kwa hatua za haraka bila kukimbia, kwa sababu anayekimbia mapema huchoka kabla ya kona. Walioandikwa kazi kila siku walikuwa arobaini wa kwanza. Khavere alianza kukimbia kwenye kona kama wengine, akafika wa kwanza kama kawaida, akaweka kiganja kwenye chuma cha lango na kungoja wanaume wafike.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakuwa ameshindana mbio tangu shule ya msingi. Asubuhi hiyo alimkuta mwanamume amesimama langoni, saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni mwake. Alijitambulisha kuwa Kocha Javan, wa uwanja wa Kariobangi.

"Umekimbia kutoka wapi?"

"Tassia natembea. Hapo kwa kona ndiyo nakimbia."

"Kila siku?"

"Nikikosa kuwa kwa wale arobaini, mtoto halali ameshiba."

"Basi wewe ni mwanariadha," Kocha alisema. "Ni vile tu hujaambiwa."

Kwa miezi mitano Khavere alitoka kazini na kwenda uwanjani. Alikimbia na raba za mtumba, ya kushoto ikiwa kubwa kuliko ya kulia. Mwezi wa tano alimaliza mita elfu kumi kwa dakika thelathini na tatu, na Kocha akaitazama saa yake mara mbili, kisha akamwita kwenye meza iliyokuwa chini ya paa la mabati.

"Miguu uko nayo," alisema. "Shida ni kwamba uko na miaka pia. Kuna timu ng'ambo inaajiri wakimbiaji. Mshahara, nyumba, daktari, kila kitu. Lakini inataka wasichana wa kumi na tisa."

"Na mtoto wangu?"

"Ukishatulia utamchukua."

Akaandika kwenye fomu mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa miaka kumi na tisa. Cheti kingefuata, alisema. Hapo uwanjani kila mtu alikuwa amepunguza.

"Hiyo miaka kumi inaenda wapi?" Khavere aliuliza.

"Nyumbani."

Khavere alicheka. Alidhani ni mzaha wa wanariadha.

Asubuhi iliyofuata binti yake Lorine, ambaye alikuwa amelala na miaka minane, aliamka na kumi na minane. Nyayo zake zilikuwa zimepita mwisho wa kitanda na fulana yake ilikuwa imepasuka mabegani. Jino la utotoni lililokuwa likilegea jana yake lilikuwa juu ya mto.

"Mama," alisema, "kitanda kimepungua."

Khavere aligusa tumbo lake. Kovu la upasuaji wa kumzaa Lorine halikuwepo tena. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtu ambaye hajawahi kuzaa. Aliketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji akakaa hapo, mikono magotini, mpaka uji ukafurika na kuzima jiko.

Bilan, jirani wa mlango wa pili, alisikia harufu ya uji akaingia. Alimtazama Lorine kutoka juu hadi chini, akaenda kwake na kurudi na dira yake, gauni refu pana la rangi ya zambarau.

"Avae hii. Usimpeleke shule na sare imempasukia, Mama Lorine." Akainama kidogo kuonyesha utosi wake. "Mimi mwanangu Nuradin alipopunguza miaka sita apate timu ya mpira, ilinikuta dukani nikipima kitambaa. Nilianza mita ya kwanza na nywele nyeusi, nikamaliza ya tatu na hizi mvi. Wako angalau amepata urefu."

Shuleni, Mwalimu Asenath aliita majina ya Gredi ya tatu, akaweka alama kwenye jina la Lorine, akamwomba akae nyuma asiwazibie wenzake ubao. Wakati wa mapumziko hakuna aliyemwita kuruka kamba, kwa hiyo aliwashikia wengine ncha moja ya kamba. Mkono wake ulifika juu vizuri.

Jioni, wakila, aliuliza, "Mama, nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa napenda nini?"

Khavere alimwongezea chakula. "Kuruka kamba."

"Na kumi na tatu?"

"Kulala. Ulikuwa hutaki kuamshwa."

Lorine alicheka, akaridhika. "Nilikuwa na rafiki?"

"Wengi," Khavere alisema, akaenda kuosha sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Kesho yake alirudi uwanjani akasema anataka miaka yake. Kocha Javan hakukasirika. Aliiweka fomu mezani na kuigeuza imwelekee.

"Tunapasua, hakuna shida. Atalala mkubwa, ataamka na minane yake. Wewe nawe utaamkia pale langoni."

Wathome, mkimbiaji wa mita mia nane, alikuwa amechutama kando akifunga kamba za viatu.

"Mimi nilisema nitapasua nikimaliza mashindano," alisema bila kuinua kichwa. "Jumapili tulikunywa chai na baba akiwa na sabini na mmoja. Jumatatu akaamka na themanini. Tulimzika Aprili."

"Na ulishinda?" Khavere aliuliza.

"Nilikuwa wa nne."

Khavere aliishika fomu kwa ncha zote mbili. Karatasi ilikuwa nyepesi, ya kupasuka kwa urahisi. Aliikunja akamrudishia Kocha.

"Wacha nikimbie jaribio la hiyo timu kwanza," alisema.

Alikimbia Jumamosi. Goti lililokuwa likimsumbua halikusema kitu. Alimaliza kwa dakika thelathini na moja na sekunde kumi, akiwa mbele ya wote, na watu waliokaa juu ya ukuta wakampigia makofi. Wiki mbili baadaye timu ikajibu. Walimpenda. Ila nafasi za kumi na tisa zilikuwa zimejaa, zilibaki za kumi na saba.

"Miwili tu," Kocha alisema.

Khavere alimkuta Lorine akianika nguo kwenye baraza. Hakuhitaji tena kupanda stuli.

"Ile kumi iliuma?"

"Magoti tu. Na nililia kidogo uliposhuka kuchota maji."

"Kukiwa na mingine miwili?"

Lorine alifikiri, kibanio cha nguo mdomoni, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya peremende dukani. "Nitakuwa mkubwa kuliko wewe?"

"Kidogo."

"Basi mimi ndiye nitakuwa nakuambia ulale."

Kocha akaandika hiyo miwili, na Ijumaa jioni walikwenda Kariobangi pamoja. Khavere alikuwa na miaka kumi na saba na Lorine alikuwa na ishirini, ndani ya dira ya Bilan ambayo sasa ilimkaa sawasawa. Kocha Javan aliwatazama wote wawili, akainuka na kumpa Lorine kiti chake.

"Karibu, mama. Huyu hajafika kumi na minane, kwa hivyo sheria inataka sahihi ya mzazi au mlezi. Hapa chini."

Lorine alimtazama Khavere. "Sahihi hatujafunzwa."

"Andika jina tu, mama," Kocha alisema.

"Kwa penseli ama kalamu?"

"Kalamu. Hii haifutwi."

Lorine alitoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo, jambo ambalo Mwalimu Asenath alikuwa akimkataza, akaandika jina lake kwa herufi kubwa za mviringo. Herufi mbili za mwisho zilipita nje ya kisanduku. Khavere alikuwa amesimama nyuma yake. Alinyoosha mkono amsaidie kushika kalamu vizuri, kisha akauondoa.

Kocha alipuliza wino ukauke.

Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, jasho la mazoezi bado mgongoni, mtoto mchanga amempakata. Lorine aliinuka kumwachia kiti. Akamchezea mtoto kidole cha mguu, mtoto akacheka.

Kocha Javan akavuta fomu nyingine.