Kisima Nilichokikata

Usiku wa kuamkia leo niliota nakwangua ukanda wa filamu kwa wembe, tayari kuupaka gundi, ndani ya chumba cha mashine cha sinema yetu ya zamani, Tanga. Filamu ni Msafara wa Chumvi, ya mwaka sitini na nne. Siku hizi haikumbukwi na mtu, ila mimi na mke wangu, Mwanahawa.

Ngamia akapenyeza kichwa kwenye tundu la kuonyeshea.

"Fundi, wewe ndiye uliyekata kisima?"

Nikamweleza. Lilikuwa onyesho la wanawake, Jumapili. Ukanda ulichanika, akina mama wakapiga kelele, na Mwanahawa alikuwa humo. Nikaondoa kipande chenye kisima, nikaunga haraka. Ndivyo tulivyofanya kazi. Watazamaji wakaendelea na hadithi.

"Wao waliendelea," akasema ngamia. "Sisi hatujanywa maji tangu siku ile."

Nageuka. Chumba ni jangwa. Askari arobaini wamekaa mchangani, kwenye viti vya mbao vya mbele. Jemadari wao, ambaye niliuiga mwendo wake ujana wangu wote, analamba midomo.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Kisima kiko wapi?"

"Nyumbani, kwenye kopo la biskuti. Maji yake yana rangi nzuri. Sikuweza kuyatupa."

Askari wakatazamana. Mmoja akauliza kama biskuti zimebaki.

Natia mkono mfukoni, kopo limo. Jemadari anahesabu picha za kile kipande: arobaini na mbili. Askari, yeye, na ngamia.

Naunga picha ya kwanza, inatoka kata moja ya maji. Askari mmoja anakunywa. Naunga ya pili. Ngamia amepanga foleni, ananung'unika kwamba huko mbele kuna watu wanaojuana. Jemadari anakataa kunywa kabla ya vijana wake, kama alivyofanya kwenye filamu, na mimi machozi yananitoka palepale yaliponitoka zamani.

Picha ya kumi na mbili, gundi ikaisha.

"Nisamehe, Jemadari."

"Hapana neno. Kungoja tumeshazoea."

Nilipoamka, Mwanahawa alikuwa dirishani, ameinua kipande cha filamu kwenye mwanga.

"Mume wangu, hiki kisima mbona kimekauka?"

Nikakichukua, nikahesabu polepole. Picha kumi na mbili za mwanzo zilikuwa mchanga mtupu. Thelathini zilizobaki zilikuwa na maji.

Nimenunua gundi. Leo nalala mapema.