Kielelezo Namba Mbili

Vijana wa Bwana Nyuzi waliibeba mashine ya kufumia ikiwa bado na mkono wa sweta kwenye sindano. Mfumaji aliegemea mlango, kiganja tumboni, kidonda cha upasuaji kikivuta. Askari alimsogezea karatasi usoni.

"Umemuuzia Bwana Nyuzi mashine na kazi yote ya sweta za shule. Sahihi si yako hii?"

Aliitazama. Ilikuwa nzuri kuliko yake; aliyeiandika hakuwa na haraka.

"Tarehe hiyo nilikuwa wodini."

"Utaenda kuyasema mahakamani."

Bwana Nyuzi alikuwa na duka kubwa la kufuma ng'ambo ya barabara. Mwaka uliopita shule ilimnyima kazi hiyo ikampa mfumaji, na tangu hapo alikuwa akimsalimia kwa kuinua kofia. Siku hiyo pia aliiinua.

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Karatasi ndiyo inayosema."

Wakili wa msaada wa kisheria alikuwa na chumba juu ya duka la dawa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya.

"Kughushi ni jinai, hiyo tunaripoti polisi. Kisha tunafungua madai, mahakama iubatilishe mkataba. Lakini la kwanza kabisa ni zuio, asije akaiuza mashine."

"Lipi la haraka?"

"Zuio. Hilo tunalipata, mama, usiwe na wasiwasi."

Wakalipata kweli. Hakimu aliamuru mashine isikae kwa upande wowote mpaka kesi iishe. Iliondolewa kwa Bwana Nyuzi ikapelekwa kituo cha polisi, ikabandikwa karatasi: Kielelezo Namba Mbili. Namba moja ulikuwa mkataba.

Mtaalamu wa maandishi wa kuikagua sahihi alikuwa mmoja kwa mkoa mzima, na alikuwa masomoni. Hospitalini, karani wa kumbukumbu alipekua daftari huku akitafuna kalamu.

"Siku ya kuingia ipo. Ya kutoka hawakuandika."

"Kwa hiyo bado nimelazwa?"

"Kitabuni, ndiyo."

Karani alicheka. Mfumaji naye alijaribu kucheka, kidonda kikamkataza.

Wakili wa Bwana Nyuzi hakucheka. "Mheshimiwa, daftari halionyeshi alitoka lini. Huenda alitoka siku hiyohiyo, akaenda kutia sahihi." Hakimu aliandika. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena, hakimu akiwa na udhuru. Mara ya tatu faili halikuonekana.

Alipokwenda shuleni, mwalimu mkuu alimpokea amesimama.

"Nakuamini, mama. Lakini watoto hawawezi kusikia baridi wakisubiri kesi."

Nje kengele ililia, na uwanja ukajaa sweta mpya. Mfumaji aliziangalia kwenye mishono ya mabega. Zilikuwa zimevutwa vibaya. Zingelegea kabla ya muhula kwisha. Hakumwambia mtu.

Nyumbani dada yake alikuwa akimuuliza kama amekula, naye alikuwa akijibu ndiyo. Aliacha kuhesabu tarehe za kesi. Alikwenda tu alipoitwa, akakaa kwenye benchi, akaambiwa arudi.

Mvua zilipoanza alikwenda kituoni na kichupa cha mafuta ya mashine. Stoo ya vielelezo ilikuwa imejaa, kwa hiyo mashine ilikuwa imewekwa uani, chini ya ukingo wa bati ambao haukuifunika yote. Reli ya sindano ilikuwa imeshika kutu ya rangi ya chai.

"Naomba niipake mafuta tu, afande. Dakika tano."

"Ukiigusa unaharibu ushahidi. Unataka kushindwa kesi yako mwenyewe?"

"Basi ipake wewe."

"Mimi si fundi, mama."

Jua lilikuwa limechomoza kidogo baada ya mvua. Juu ya mashine, toka upande wa sindano hadi upande wa mpini, lilikuwa limeanikwa shati la sare, likidondosha maji. Askari alilipapasa kola, akaona bado bichi, akaligeuza upande wa pili.