Plasta Chini ya Kioo

Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sare ya usafi tayari mwilini, simu mkononi, akisubiri zamu zifunguliwe kwenye programu ya kampuni. Mdogo wake alisimama nyuma yake akipiga mswaki, akichungulia juu ya bega lake kile kioo cha simu kilichopasuka. Si kwamba alikuwa mdaku. Programu ile ilikuwa kazi ya mikono yake.

"Zimefunguka!" Dada alisema. "Hospitali, asubuhi. Nimeibonyeza. Inasema nimeshikiwa nafasi, nithibitishe."

"Thibitisha basi."

"Ngoja nirudi nyuma nione ni wodini au ni jikoni. Jikoni kule nilishaapa sirudi."

Gumba lake likashuka hadi upande wa chini wa kioo, kwenye kitufe cha kurudi, kama lilivyozoea kushuka tangu siku aliyonunua simu hiyo. Programu ikajifunga kimya. Alipoifungua tena hospitali ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na zamu za siku zilikuwa zimekwisha.

"Aa! Vidole vyangu hivi vina kiherehere," alisema, akajichapa mkono. "Jana hivi hivi, leo hivi hivi."

Mdogo wake alitema povu kwenye beseni. Kampuni ya usafi ilikuwa na sheria isiyo na mjadala: ukikosa zamu siku mbili mfululizo, jina lako linaondoka kwenye orodha.

"Nitakwenda getini kwa kampuni hivyo hivyo," Dada alisema akifunga kamba za viatu. "Nikimkuta msimamizi nitamlilia hali. Na wewe huko ofisini kwenu, si ndio mlioitengeneza hii kitu? Hamna namna?"

"Nitaongea nao."

"Ongea nao kweli, mdogo wangu. Usiende ukanyamaza kama unavyonyamaza hapa."

Ofisini mdogo mtu walimwita Android, kwa kuwa kutengeneza programu upande wa simu za Android ndiyo kazi aliyopewa. Michoro yote ilitoka kwa mbunifu waliyembandika jina la Pikseli, mtu aliyeweza kulumbana asubuhi nzima juu ya kivuli cha kitufe kimoja. Pikseli alichora kwa kutazama iPhone yake. Humo hakuna kitufe cha kurudi chini ya kioo. Kuna kishale kidogo juu kushoto, na anayekichora ni mwenye programu. Simu za Android ni nyumba nyingine. Kwenye simu za wasafishaji njia ya kurudi iko chini, gumba linaifahamu hata gizani, na kila inapobonyezwa simu humuuliza mtengenezaji: nifanye nini sasa? Mtengenezaji asipojibu, simu inamtoa mtu nje.

Yeye alikuwa amejibu. Aliandika mistari michache tu ya maagizo ndani ya programu: mtu akibonyeza kurudi, apelekwe kwenye ukurasa uliotangulia, na nafasi yake iendelee kushikiliwa. Pikseli aliikuta, akamwambia aifute. Akaifuta.

"Pikseli, ile mistari yangu ya kitufe cha kurudi. Naiweka tena leo."

Pikseli hakuinua macho. "Mzee, hilo si tulishalimaliza? Kwenye mchoro halimo. Bosi anataka mapacha. Ukizilaza simu mbili mezani usijue ipi ni ipi."

"Wasafishaji hawana mapacha. Wana Android, tena zile za bei ya chini kabisa."

"Kishale si kipo?"

"Hawakioni."

"Wajifunze kukiona. Mbona mimi nakiona?"

"Wewe simu yako ilikufundisha hivyo."

"Ndiyo maana kila siku nakwambia, tafuta simu ya maana!" Pikseli alicheka, na meza ya jirani ikacheka naye.

Akaenda kwa Bosi. Bosi alikuwa akipangusa kioo cha iPhone yake kwa ncha ya tai.

"Wageni wa kampuni ya usafi wanaingia mchana kuona kazi yao," Bosi alisema kabla hajaulizwa. "Kwa hiyo leo sitaki mtu aguse kitu."

"Bosi, dada yangu amepoteza zamu kwa ajili ya kile kitufe. Jina lake linatoka leo."

Bosi aliacha kupangusa. "Pole. Kwa kweli pole sana. Lakini tukianza kubadilisha programu kwa sababu ya dada wa kila mtu, kijana wangu, tutafika kweli? Haya, malalamiko ya watumiaji yakoje?"

"Yamejaa ukurasa. Yanafanana yote."

"Safi. Yakifanana, jibu ni moja. Yafunge kabla wageni hawajafika."

Alirudi kwenye kiti chake akayasoma. *Imejifunga yenyewe. Nilikuwa ndani, nikajikuta nje. Samahanini wakubwa, sijui nimekosea wapi, naombeni zamu yangu.* Aliingoja hasira. Alikaa, mikono kwenye vibonye, akiingoja kama mtu anavyongoja chafya, na haikuja. Mafeni ya dari yalizunguka. Akaandika jibu moja: *Kosa la mtumiaji. Epuka kubonyeza kitufe cha kurudi.* Akalituma kwa wote, na ukurasa ukabaki mweupe.

Wageni walikuja. Bosi aliwapitisha kurasa zote kwenye iPhone yake, kishale kikatii kila kilipoguswa. Mmoja wao akasema inateleza vizuri. Watu wakapiga makofi, Android naye akapiga.

Jioni alimkuta Dada kwenye kigoda, sare imekunjwa magotini, amekazana na simu yake. Chini ya kioo alikuwa amebandika plasta ya kidonda, imekunjwa ikawa nene.

"Umeongea nao?" aliuliza.

"Niliongea."

"Wakasemaje?"

Alivua viatu, akavipanga ukutani kwa uangalifu mkubwa. Dada hakusubiri.

"Mimi jina limetoka. Tumetoka wengi, geti zima lilikuwa sisi. Msimamizi kasema kesho twende tuombe upya kama wageni, na anayekuja bila plasta kwenye kitufe asisogee. Plasta ni ya kujinunulia." Alicheka kidogo. "Tumekaa pale tunabandikana kama majeruhi wa vita. Halafu wametuletea na ujumbe. Hebu nisomee vizuri, hapa pamepasuka."

Akaichukua simu. Maneno yalikuwa yake, nukta na yote.

"Kosa la mtumiaji," alisoma.

"Mtumiaji ndiye nani?"

"Ndiye wewe."

"Si nilisema?" Dada alitikisa kichwa, karibu aonekane ameridhika. "Asubuhi nilikwambia, vidole vyangu hivi."

Alifungua kinywa. Dada alikuwa anamtazama, anangoja. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Ilikuwa Bosi: *Wageni wamefurahi. Isiguswe tena.* Akajibu *Sawa.*

"Lete na hiyo yako," Dada alisema. Zilikuwa simu za aina moja, walizinunua siku moja, duka moja. "Imebaki plasta moja. Usije ukaponzwa na wewe."

Akampa. Dada aliikunja plasta, akaibandika chini ya kioo, akaikandamiza kwa gumba pande zote mpaka kitufe hakikuonekana.