Kozi Aliyoikataa Baba Pacha

Kazini walimwita Telegramu. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Fundi lifti huyo alikuwa akitoa maneno kama mtu anayetozwa kwa kila neno, na ripoti zake zilikuwa maarufu ofisi nzima: "Waya umelegea. Nimekaza. Inapanda." Basi. Ukimuuliza zaidi, anakutazama kama vile umemwambia avue viatu mbele za watu.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa heshima ya mabinti zake wawili wa miaka kumi na mmoja. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa msusi mwenye saluni ya viti vitatu, na yeye alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, mengine wakawagawia majirani. Waliowajua walisema Mungu hakosei hesabu: angewapa wote midomo, nyumba ingekosa masikio.

Baba Pacha alikuwa na umri wa miaka arubaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia ndani ya mashimo ya lifti. Aliweza kuweka kiganja ukutani akakwambia breki gani imeanza kuchoka. Lakini vijana aliowaonyesha kazi walikuwa wanakwenda chuo, wanarudi wahandisi, kisha wanamtuma yeye akalete ngazi. Kwa hiyo kampuni ilipotangaza kwamba fundi atakayefaulu mtihani wa kujiunga na chuo cha uhandisi atapewa ruhusa ya kusoma, alijiandikisha bila kumwambia mtu.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili, hesabu na lugha, na kila moja ilitaka alama hamsini. Hesabu alipata tisini na moja. Lugha alipata thelathini na sita. Akarudia, lugha ikasogea hadi thelathini na nane. Na mtu alikuwa anaruhusiwa kufanya mara tatu tu, hakuna ya nne.

Hapo ndipo Mama Pacha alipojua, kwa sababu karatasi ya matokeo aliikuta ndani ya mfuko wa ovaroli akitaka kufua.

"Alama mbili kwa miezi sita," alisema, ameishika karatasi kwa ncha za vidole. "Baba Pacha, kwa mwendo huu utafika hamsini ukiwa na wajukuu."

"Lugha ngumu."

"Lugha si ngumu, wewe ndiye mgumu. Mara hii husomi peke yako. Tunakutafutia kozi."

Mama Pacha akisema "tuna-" ujue amekwisha kuamua. Jumapili mchana, saluni ikiwa imefungwa, alimkalisha mumewe kwenye kiti cha wateja, akaegemeza simu kwenye kioo kati ya makopo ya mafuta, na wote wawili wakaanza kukagua walimu wa mtandaoni. Kila kozi ilikuwa na somo la kwanza la bure. Pacha nao walivuta stuli, kila mmoja na kalamu, wakasema wao ni kamati ya alama.

Kozi ya kwanza ilianza kwa muziki. Kijana aliyevaa miwani mikubwa aliruka mbele ya kamera akatangaza kwamba ana siri saba ambazo watunga mitihani hawataki uzijue. Siri ya kwanza ilikuwa hii: ukikosa jibu, chagua lililo refu kuliko yote.

"Ngoja," Mama Pacha akasema. Alitoa kitabu cha maswali ya mazoezi, akafunua ukurasa, akachagua majibu marefu matupu bila kusoma swali hata moja. Kisha akasahihisha. Katika maswali ishirini alipata matatu. "Huyu si mwalimu, huyu ni mpiga ramli. Futa."

Kozi ya pili haikuwa na mwalimu kabisa. Ilikuwa na maneno elfu tatu, thelathini kila siku, unabonyeza maana, na ukipatia inakutokea nyota ya dhahabu. Hakuna kuongea, hakuna kuonwa. Uso wa Baba Pacha ukachangamka kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Ya tatu ilikuwa darasa la moja kwa moja. Mwalimu alikuwa mama wa makamo mwenye shali mabegani na sauti ya mafua, nyuma yake kuna kabati lenye mlango usiofunga. Wanafunzi walikuwa wanane, nyuso zao zimepangwa kwenye vidirisha vidogo. Mwalimu alisoma swali, mwanafunzi mmoja akajibu, na jibu likawa sahihi. Badala ya kumsifu, mwalimu akamuuliza, "Kwa nini umechagua hilo?" Mwanafunzi akababaika. Mwalimu akasubiri, akapenga kamasi, akasubiri tena, hadi yule mtu akaeleza.

"Huyu!" Mama Pacha alipiga kofi. "Huyu hapa ndiye."

"Hapana," Baba Pacha akasema.

"Kwa nini hapana?"

Akaonyesha simu kwa kidole. "Wanaongea."

"Sasa mtihani wa lugha unataka ufundishwe na nani, na samaki?"

"Anayefanya mtihani ni mimi, Mama Pacha."

Alisema hivyo kwa upole, lakini alisema, na kwa mtu wa aina yake sentensi nzima ilikuwa kama kupiga meza.  Kamati ya alama ikatazamana. Na Baba Pacha akachukua kozi ya maneno elfu tatu.

Yaliyofuata yalikuwa mateso ya kuchekesha. Mwanamume ambaye kwa miaka kumi na mitano alikuwa akisema "chumvi" alipotaka chumvi, sasa aliinua kijiko akatamka, "Nina tashwishi na chumvi ya mchuzi huu." Pacha walicheka hadi mmoja akapaliwa. Asubuhi hakuchelewa tena, alikuwa "amelimatia". Kazini aliandika, "Lifti ya mashariki imepatwa na mtafaruku," na msimamizi akapiga simu kwa hofu kuuliza ni nani na nani waliopigana mle ndani, na kama kuna aliyeumia.

Nyota za dhahabu zilimiminika. Lakini mwezi ulipokwisha akafanya mtihani wa majaribio, akapata arubaini na moja.

 Alikwenda akakaa kwenye kiti cha pembeni cha saluni, karatasi mapajani, akawa anatazama watu wakipita nje. Mama Pacha alimaliza kichwa alichokuwa anasuka, akamuaga mteja, akavuta stuli mbele ya mumewe. Alikuwa na la kusema, tena alikuwa nalo la mwezi mzima, lakini alipoona mabega yale yameshuka akalimeza. Akaichukua karatasi.

Maneno yote alikuwa ameyapata. Visawe, vinyume, vyote sawa. Aliyokosa ni ya ufahamu, vile vifungu vya habari vyenye maswali chini yake. Alikosa karibu kila swali.

"Hili hapa," Mama Pacha akasema. "Wafanyabiashara wa sokoni wanalalamika kwa sababu daraja limefungwa kwa matengenezo, na wateja hawafiki. Umeulizwa, kwa mujibu wa kifungu, wanalalamikia nini. Wewe umesema daraja limejengwa vibaya. Kwa nini?"

"Kwa sababu limejengwa vibaya."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa." Akasogea mbele, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Ona. Matengenezo mara tatu kwa mwaka mmoja. Daraja zima halitengenezwi mara tatu. Kuna nguzo imekaa upande, maji yanakula chini yake, wao wanaziba juu tu. Wakifungua mwezi ujao watafunga tena. Hao wafanyabiashara hawajui, lakini tatizo lao si wateja, ni ile nguzo."

Mama Pacha alimtazama akiwa ameacha mdomo wazi. Haikuwa kwa sababu ya daraja. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja.

"Mume wangu," alisema polepole, "umeulizwa watu wanasema nini. Wewe umeingia ndani ya kifungu na spana."

Baba Pacha akatazama swali. Akatazama lililofuata, la mlinzi aliyepoteza ufunguo, ambapo alikuwa amejibu kwamba kitasa kibovu. Akatazama la tatu, la mgonjwa na dawa. Taratibu tabasamu la aibu likaanza kumpanda usoni.

"Natengeneza," alisema.

"Unatengeneza!"

"Kila kifungu nakitengeneza." Akacheka, kicheko kile cha puani ambacho Mama Pacha alikipenda tangu siku za uchumba.  "Nisingejua kama usingeniuliza."

Mama Pacha alikuwa na neno tamu sana la kujibu hapo, lenye "nilikwambia" ndani yake. Aliuma ulimi. Baba Pacha mwenyewe ndiye aliyechukua simu, akamtafuta mama wa shali, akajiandikisha.

Darasa lilikuwa saa kumi na moja jioni, siku tatu kwa wiki, na mahali penye mtandao mzuri palikuwa stoo ya saluni. Baba Pacha akajipangia kiti kati ya maboksi ya shampuu, akafunga mlango. Siku ya kwanza Mama Pacha alikuwa anamsuka karani wa benki, mteja wake wa miaka mingi. Sauti ya mafua ikasikika kupitia mlango.

"Fundi, swali la nne. Umechagua jibu lipi?"

"La pili."

"Sawasawa. Kwa nini?"

 Mama Pacha akasimamisha kitana hewani. Karani wa benki, ambaye alikuwa anajua habari yote tangu kozi ya siri saba, akazima redio kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa sababu," Baba Pacha akasema.

"Kwa sababu gani?"

Kiti kikalia, boksi la shampuu likasukumwa. "Hapo katikati kuna 'lakini'. Kabla ya 'lakini' mwandishi alikuwa anapanda. Baada yake anashuka. Swali linauliza amesimama wapi mwisho. Jibu la kwanza limeteremka orofa ya juu, kabla lifti haijageuka."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Jamani, mmesikia? Fundi, warudie wenzako, taratibu."

Na fundi akarudia. Karani wa benki akamfinya Mama Pacha mkono kwa furaha.

Wiki zikaenda. Baba Pacha alianza kueleza kwa nini anapenda shati hili kuliko lile. Pia alijifunza tabia moja mbaya: wakigombana, Mama Pacha akisema "wewe kila siku unaacha taulo kitandani," anamuuliza, "Kila siku? Imeandikwa wapi?" Pacha wakaidaka, nyumba nzima ikawa mahakama.

Wiki ya tano, mwalimu aliwataka waandike aya moja kuhusu jambo walilotaka kulisema wakashindwa, kisha waisome. Zamu ya Baba Pacha ilipofika, Mama Pacha alikuwa anafunga rola kwenye nywele za mteja.

"Miaka sita iliyopita," sauti ya mumewe ilisoma, "nilisikia lifti ya mizigo ikikwaruza. Nilimwambia mhandisi, breki si nzuri. Akaniuliza, si nzuri vipi? Nikasema, si nzuri. Akaandika kwamba itaangaliwa wiki ijayo. Siku ya tatu ikaanguka orofa mbili. Mwenzangu alikuwa ndani. Alivunjika nyonga, mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Nilikuwa najua tatizo liko wapi. Nilikuwa najua hata bolti yenyewe. Sikuwa na maneno ya kumfanya mtu aniamini. Ndiyo maana nataka kusoma."

 Mama Pacha alimjua yule mwenzake. Kila mwisho wa mwezi Baba Pacha alimpelekea matunda, na siku zote mkewe alidhani ni urafiki tu.

"Mbona umeacha kufunga?" mteja akauliza.

"Unywele umeniingia jichoni," Mama Pacha akasema, akaenda kunawa uso.

Jioni, wakikunja nguo, alimwambia, "Nilisikia."

"Najua. Ule mlango mwembamba."

"Miaka sita, Baba Pacha. Mimi mkeo."

Baba Pacha alikunja shati moja akalimaliza, akalikunjua, akalikunja upya. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Mama Pacha akasogeza lundo la nguo, akakaa karibu naye. Akamshika mkono tu, mkono ule wenye makovu ya waya, mpaka pacha walipoingia kuuliza chakula kiko wapi.

Mtihani wa tatu ulifanyika mwisho wa mwezi uliofuata. Lugha alipata hamsini na saba. Hesabu ilishuka hadi themanini na tisa, na jambo hilo lilimuudhi siku mbili nzima, akawa anatafuta swali alilokosa hata mkewe alipokuwa anawapigia simu ndugu wote, wa upande wake na wa upande wa mume, kuwatangazia. Mama wa shali alituma ujumbe mfupi: "Hongera, fundi. Sasa niambie kwa nini." Baba Pacha alimjibu kwa aya tatu.

Jumatatu ya kwanza ya chuo, Mama Pacha alimpigia pasi shati jeupe, akamfungia chakula, akamsindikiza mpaka mlangoni. Masomo yalianza saa mbili. Saa moja na nusu Baba Pacha alikuwa bado amesimama kizingitini, begi begani, akimweleza kwa nini ameamua kukaa mstari wa mbele na si wa nyuma, na faida za kila upande, na alivyofikiri kuhusu dirisha.

"Baba Pacha, utachelewa!"

"Ngoja nimalize. Sababu ya tatu..."

Mama Pacha alimshika mabega, akamgeuza, akamsukuma nje huku anacheka. Na yeye akaenda, lakini kila hatua kumi anageuka nyuma, bado anaeleza, mpaka akakata kona.