Sinia Moja Ndani ya Safina

Watu wa Bukoba wakipata fedha hawajui la kufanya nazo. Mmoja wao alirudi kutoka Kampala baada ya vita, akajenga hoteli ya chakula pale Nyamkazi, kando ya ziwa, akaipa umbo la meli ya mbao na kuiita Safina. Ukutani alichoresha twiga na tembo wanaofanana na ng'ombe. Kila Jumapili mchana mzee mmoja huvaa kanzu na ndevu za pamba akawa Nuhu, vijana wawili huvaa manyoya ya katani wakawa simba, na wenye uwezo hupeleka watoto wao huko wakacheke na kula chipsi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema huo ni upuuzi. Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka huu wa tisini na moja, niliwavalisha wanangu watatu nguo za kanisani, nikawapeleka.

Sikuwapeleka kucheka. Niliwapeleka wakaonekane.

Mume wangu Datius, aliyekuwa akinunua samaki kisiwani Bumbire na kuwauza mjini, alikufa mwaka jana. Kila mtu kijijini kwetu Izigo anajua alikufa kwa nini, ingawa msibani tulisema malaria. Sasa ni zamu yangu. Siku hiyo nilivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na kitenge juu yake, ili nionekane nina mwili. Kwetu watoto ni wa ukoo wa baba, na katika ukoo huo amebaki mtu mmoja tu mwenye nyumba ya kufaa: shemeji yangu Philbert, kaka yake Datius, mwenye kazi mjini. Yeye alikuwa tayari kuwachukua. Mkewe Klaudia ndiye hakuwa amekubali. Alitaka kuwaona kwanza, na kwangu Izigo hakutaka kuja. Akachagua Safina.

Siwezi kumlaumu sana. Siku hizi ukitaja Juliana, maana ndilo jina tuliloupa ugonjwa huu, watu wanafuta hata kiti ulichokalia. Klaudia ameshazika dada zake wawili, na ana wajukuu ndani ya nyumba. Kulea yatima hakuogopi. Anaogopa kuingiza ugonjwa mlangoni kwake. Kwa hiyo nilikuwa nimempelekea maneno kwamba mimi ni mzima, nasumbuliwa na vidonda vya tumbo basi. Watoto nikawafunga midomo, wasiseme mama anaharisha, wasiseme mama analala mchana. Nilitaka waende wote watatu, nyumba moja. Nimeona watoto wa jirani yangu Kagaruki walivyogawanywa, mmoja Rubya, mmoja Biharamulo, mmoja visiwani kuanika dagaa. Hawajaonana tena.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hata nikaogopa. Projestus, wa miaka mitano, alipomwona simba alikimbia kujificha nyuma ya Philbert, si nyuma yangu, nami nikamshukuru Mungu. Skola wangu wa mwisho alipanda mapajani kwa Klaudia akaanza kuchezea hereni zake, na Klaudia akacheka. Nuhu aliwaita watoto wapande jukwaani wawili wawili kama wanyama, na wadogo wangu wakapanda wakiwa wameshikana mikono. Rozi, wangu wa kwanza, hakwenda. Ana miaka kumi na moja, akasema yeye ameshakuwa mkubwa. Alibaki akiangalia jasho usoni mwangu, kisha akanipitishia leso chini ya meza, mtu asione.

Wadogo waliporudi mezani, Klaudia akaagiza chakula. Pale kila mtu huletewa sahani yake, na meza zote zilizotuzunguka zilikuwa hivyo. Yeye aliagiza sinia moja, sato mzima wa kukaanga na ndizi, akasema sisi ni familia, tule kama nyumbani. Alisema kwa upole. Sikujua kama ni upole au ni mtego, na mpaka sasa sijui. Lakini ukikataa kula sinia moja na watu wa mume wako, umeshatangaza kwamba una jambo. Nikanawa. Watoto wakanawa. Philbert akabariki chakula, wakaanza kula, hata Skola akachota kwa ngumi, nami nikanyoosha mkono nikamega kipande cha ndizi.

Mikono miwili midogo ikatoka siniani kwa pamoja, ikarudi mapajani.

Tangu baba yao azikwe nimewafundisha kwamba mama anapotia mkono, wao hawatii. Nimewachapa kwa ajili hiyo. Skola nilimchapa akiwa bado hajajua kuongea vizuri. Muuguzi mmoja aliniambia kula pamoja hakuambukizi. Nilimsikia, lakini ni nani angeweka roho za wanawe rehani kwa neno alilosikia mara moja? Basi niliwafundisha, wakafundishika, na usikivu wao ukanivua nguo zote mbele ya watu wa mume wangu.

Mkono wa Rozi nao ulitaka kutoka. Niliuona ukisita ukingoni mwa sinia. Halafu ukarudi, ukamega pale pale nilipomega mimi, na mwanangu akala.

Klaudia alifuta vidole polepole. Philbert aliendelea kutafuna, macho kwa samaki. Mimi sikuulizwa kitu. Klaudia alimgeukia Rozi.

“Mwanangu, vyombo vya mama anaosha nani?”

Ninaviosha mwenyewe, nyuma ya nyumba, hata siku ambazo naenda huko kwa kutambaa. Rozi anajua hivyo.

“Ninaosha mimi, mama mkubwa,” akasema. “Akishindwa kula namlisha, na anachobakiza nakula. Nalala naye. Hawa wadogo hawajamgusa. Wanakula peke yao na kulala peke yao.”

Kuhusu wadogo kutokula wala kulala nami alisema kweli. Kuhusu yeye mwenyewe ulikuwa uongo mtupu, maana hajawahi kula mabaki yangu, na kitanda chake kiko chumba kimoja na cha wenzake. Nilifumbua mdomo niseme mtoto huyu anadanganya, nikaufumba. Nikimwita mwongo, Klaudia ataamini vipi maneno yake kuhusu wadogo? Angeinuka akaenda zake, na wote watatu wangebaki mikononi mwangu. Rozi alikuwa amenifunga kamba, na alijua. Alinitazama bila kupepesa macho. Kwa dakika ile nilimchukia, na sijawahi kumpenda mtu namna ile.

Klaudia akasema atawachukua wawili, leo hii, wasirudi Izigo hata kufuata nguo. Akasema Rozi ni mtoto mzuri, ila yeye ana wajukuu. Alilia aliposema hivyo, sitamsingizia ukatili. Philbert aliwabeba wadogo, mmoja huku na mmoja huku, hadi kwenye pikapu. Niliwaambia wanakwenda kulala kwa baba mkubwa. Projestus akauliza kama simba naye atakuja. Nikamwambia atakuja. Sikuwakumbatia, kwa kuwa Klaudia alikuwa akitazama.

Tukatembea kuelekea stendi, mimi na Rozi, na njia nzima nilimtukana. Nilimwambia ni mpumbavu, amejifungia mlango mwenyewe, ukoo hauna nyumba nyingine, na watakaokuja kuchukua kibanja cha migomba cha baba yake watamkuta hana wa kumsemea. Nikamuuliza ni nani aliyemwomba aniuguze. Karibu na stendi miguu ilikataa, nikakaa juu ya jiwe. Pumzi iliporudi nikamwambia kesho asubuhi tunarudi mjini, naye atapiga magoti mbele ya mama mkubwa na kumweleza kwamba alidanganya.

“Nitamweleza, mama,” akasema. “Ila siyo kesho. Nitakwenda kumweleza ukishakufa.”

Sijawahi kumwambia kwamba ninakufa. Akainama, akanishika kwapani, akaniinua, tukaenda kutafuta basi la Muleba.