Kitanda cha Mama Mkwe Tanurini

Walimwita Misumari kwa sababu mdomoni mwake misumari ilikaa muda mrefu kuliko maneno. Kazi yake ilikuwa kuunda paleti, yale majukwaa ya mbao yanayopangiwa mizigo ili foklifti iyainue. Zilizovunjika nazo alizinunua, aking'oa mbao zilizooza na kupachika nzima, zikarudi kazini kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Ila paleti haivuki mpaka bila muhuri, na muhuri haugongwi kabla mbao hazijaingia tanurini, joto likafika moyoni mwa mti na kila mdudu aliyemo akafa. Muhuri huo ndio ulioilisha nyumba yake. Angenyang'anywa, angebaki muuza kuni.

Asubuhi hiyo mama mkwe wake aliingia karakanani nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kitanda.

Kunguni walikuwa wamemfukuza kwake, akahamia sebuleni kwa Misumari "kwa siku mbili tatu," na hizo mbili tatu zikazaa mpaka wajukuu. Sasa alikuwa na upande wake wa kochi, kikombe chake, na maoni yake kuhusu namna mkwewe anavyotafuna.

"Mwanangu, nasikia hilo tanuri lako linaua wadudu."

"Ni la mbao, mama."

"Kwani hiki kimefinyangwa kwa udongo?"

Mkwe gani atabisha? Tena Misumari alishapiga hesabu ya haraka: kunguni wakifa, mama anarudi kwake. Akakisukuma kitanda katikati ya paleti kwa bidii iliyomshangaza hata mwenye mkokoteni. Alikuwa ameshika mlango wa tanuri aufunge, akahisi mtu nyuma yake.

Mkaguzi. Wakaguzi ni kama mvua, huja ukishaanika nguo.

"Endelea tu, fundi. Nimekuja kuona kama muhuri wetu uko katika mikono salama." Akachungulia ndani. Akachungulia tena. "Hiyo paleti mbona ina miguu?"

"Ni kitanda changu, binti," mama mkwe akadakia. "Na shikamoo yako umeiacha ofisini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, endelea kumtisha mkwe wangu."

Mkaguzi akafikiri. "Kanuni zetu hazikatazi kitanda. Zinataka kipimajoto kichomekwe kwenye mti mnene kuliko yote iliyomo. Huo ukipata moto, myembamba yote imepata." Akauonyesha mguu wa kitanda, mnene kama shingo ya bondia. "Toboa pale."

"Kitobolewe kitanda alichonichongea marehemu?" mama mkwe akang'aka. "Binti, una mume?"

"Ninaye."

"Kitanda chenu kina tundu?"

"Sijawahi kukikagua, mama."

"Basi tukitoe," Misumari akajaribu.

"Tukipeleke wapi, mwanangu? Sebuleni kwako?"

Misumari nusura ameze msumari.

"Chagua, fundi," mkaguzi akasema. "Kitoke, au kitobolewe. Ukiwasha bila kutoboa, naondoka na muhuri."

Tangu aoe, Misumari hakuwahi kumwambia mama mkwe neno lenye ncha. Akaitema misumari yote kiganjani.

"Mama, natoboa."

Mwenye mkokoteni akaacha kupiga mluzi.

"Toboa," mama mkwe akasema hatimaye. "Lakini upande wa ukutani. Na taratibu, marehemu alikuwa mtu wa kutekenyeka."

Keekee ikazama kama inatoboa sabuni. Ukamwagika unga, na ndani ya unga mdudu mweupe, mnono, akijinyoosha kama aliyeamshwa mapema.

"Ee! Kumbe nilikuwa nalala juu ya ghorofa," mama mkwe akasema. "Juu wapangaji, chini wapangaji!"

Mkaguzi alifurahi kama aliyepewa zawadi. Akachomeka kipimajoto chake, tanuri likafungwa na kuwashwa, naye akaketi juu ya paleti ya nje kusubiri. Mguu ule ulikuwa mkaidi kama mwenye kitanda. Jua lilianza kuinama ndipo digrii hamsini na sita ziliposhika moyoni mwake, zikakaa humo nusu saa.

"Fundi mwingine angetafuta njia ya mkato," mkaguzi akasema. "Baki na muhuri wako."

Misumari akaanza kugonga paleti, pa! pa! pa!, kama mtu aliyefutiwa kesi. Mama mkwe akasogea.

"Na changu."

"Mama?"

"Gonga na changu. Mtaa mzima unajua habari za kunguni wangu. Nikirudi bila muhuri, nani ataniamini?"

Mkaguzi, mkoba tayari begani, akageuka. "Fundi, huo ni wa mbao za kubebea mizigo tu. Ukigusa kitanda, nauchukua sasa hivi."

"Nitazame vizuri, binti. Hicho hakibebi mzigo?"

Misumari akautazama muhuri. Akamtazama mama mkwe. Akautia muhuri mfukoni, akafunga na kifungo.

"Sawa," mama mkwe akasema, akimwashiria mwenye mkokoteni. "Kipeleke sebuleni kwa mkwe wangu. Kule angalau sina majirani wa kunicheka."

Simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Nasikia mkaguzi amekuja. Muhuri wametuachia?"

"Wametuachia."

"Afadhali! Na mama?"

Misumari akautazama mkokoteni ukikata kona.

"Naye wametuachia."