Mkasi Haurudi Kabatini

Kila mkataba ulipokwisha, mafundi wa kiwanda kile cha sare walirudisha mikasi kabatini, wakakaa nyumbani wiki nzima, kisha wakaitwa tena kama wageni. Ujanja wa bosi huo! Mgeni hadai likizo, wala mgeni hazeeki kazini. Mkata vitambaa, ambaye wenzake walimbandika jina Bi Mkasi, alianza huo ugeni mwanawe wa kwanza akinyonya. Sasa mwana ana ndevu.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Ikaja sheria mpya: mchezo huo ukome, na mikataba yote iandikwe upya. Bosi akaingia na karatasi, uso umemkunjamana kama shati lisilopigwa pasi.

"Soma kwa sauti, bosi," Bi Mkasi akamwambia. "Tusikie sote."

Cherehani zikanyamaza. Bosi akasoma: ajira ya kudumu, likizo yenye malipo, na utumishi kuhesabiwa tangu siku ya kwanza kabisa. Bi Mkasi akatia saini taratibu, kama anayekata hariri.

Mazoea yana taabu. Saini ilipokauka tu, bosi akanyoosha mkono apokee mkasi, kama ilivyokuwa kila mara.

Bi Mkasi akautazama mkono ule, akauwekea kalamu.

"Mgeni siku mbili, bosi, ya tatu mpe jembe. Jembe langu ninalo, na silirudishi. Haya, zamu yako. Tia saini."